Nembo Haiamkii Mtu

Imezuka dhana katika ofisi na maduka ya Dodoma kwamba barua pepe ya kazi hupata heshima kwa mapambo. Mwenye dhana hii hutafuta nembo ya rangi tatu akaiweka chini ya jina lake. Huongeza cheo chake kwa herufi nene, picha yake, na maneno ya hekima yasiyohusiana na shauri aliloandikia. Kisha huamini kuwa ameandika kama mtu wa kazi. Wahenga waliliona jambo hili zamani waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Heshima ya barua hutoka katika mambo matatu tu: kumjua aandikiwaye, kulisema shauri lenyewe, na kuweka jina la mtu awezaye kuulizwa.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba. Majalada yalihama, na lugha ya masjala ikahama pamoja nayo. Mpaka leo barua nyingi, ziwe za karatasi au za kompyuta, hufunguliwa kwa maneno haya: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ni nani aamriwaye hapo? Msomaji anaamrishwa ahusike na kichwa, ilhali kichwa ndicho kinachopaswa kuhusika na barua. Tena kichwa cha habari ni mali ya gazeti. Sentensi hiyo haina salamu wala taarifa, na ikifutwa barua haipungukiwi na kitu. Hata hivyo waandishi huing'ang'ania, kwa kuwa wamefundishwa kwamba ukavu ndio urasmi.

Kundi la pili hukimbia ukavu huo likatumbukia katika tafsiri. Huandika, "Natumaini barua pepe hii inakukuta salama," na kumalizia, "Usisite kuwasiliana nasi." Maneno ni ya Kiswahili lakini mwendo wake ni wa Kiingereza. Kundi hili husema kwamba Kiswahili hakina desturi ya barua za biashara, hivyo ni lazima kuazima. Dai hilo si kweli. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Berlin mkusanyiko wa maandiko ya Waswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na barua zimo ndani yake. Barua za namna hiyo zilikuwa na utaratibu wake: aandikiwaye hutajwa kwa heshima imfaayo, hupewa salamu, kisha kwa neno "baada ya salamu" shauri huelezwa, na mwisho huja wasalaam, jina na tarehe. Biashara za mbali ziliendeshwa kwa kalamu hiyo, katika karne ileile ambayo misafara ya Bagamoyo na Tabora ilikatiza Ugogo. Mwenye urithi huo aombe nini kwa jirani?

Wako wasemao kuwa salamu hupoteza wakati, na kwamba barua pepe imebuniwa kwa ajili ya haraka. Lakini katika uwanda wa kati mgeni hafiki kayani akataja haja yake kabla ya kuamkia. "Mbukwenyi" hutangulia, na haichukui muda wa kupangusa jasho. Mstari mmoja wa salamu hauchelewi. Kinachochelewesha ni jibu lisilo na jibu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu iliyoiva haingoji. Akimwandikia mnunuzi akajibiwa, "Ndugu Mteja, suala lako linashughulikiwa," chini yake ikang'aa nembo, amepata nini? Hajui ni nani anayelishughulikia, wala lini, naye tunda linamwozea mzabibuni. Lau angeandikiwa kwa jina lake: "Mama fulani, salaam. Barua yako ya tarehe 3 imepokewa. Zabibu zako zitapimwa Jumatano saa 3 asubuhi, atakayekuja ni bwana fulani, na namba yake ni hii," angejua la kufanya. Barua hiyo ina utu na ina kazi, wala haina rangi hata moja.

Katika jambo moja wapenda mapambo wana haki, nalo ni anwani. Tangu Ray Tomlinson alipoitumia alama ya @ mwaka 1971 kutenga jina la mtu na jina la mashine, sehemu ya kulia imekuwa kama mlango wa nyumba. Anwani iishiayo kwa .go.tz humwonyesha msomaji kuwa yuko kwenye mlango wa serikali, na ile ya .co.tz humwonyesha mlango wa biashara iliyojiandikisha jina nchini. Katika nchi ambayo matapeli hutuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" kwa watu wasiowajua, mlango unaotambulikana ni amana. Hata hivyo mlango mzuri haumkaribishi mgeni kama nyumbani hamna mtu.

Sasa zipo programu zinazopachika jina la mpokeaji katika barua elfu moja kwa dakika, na nyingine zinazotunga barua nzima. Wenye kuziuza husema huo ndio ukaribu. La, kulitaja jina la mtu si kumjua. Tapeli naye hujifanya ndugu.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Vijana watakaoandika barua za serikali na za biashara wamo madarasani leo. Wafundishwe kuanza na salamu, kutaja siku, na kutia jina la mwenye kuulizwa. Wakiwa na hayo, nembo waiweke wakipenda.