Mtunzi wa kwaya yenu mnamlipa?

Hapa Plateau ukisema unataka kutunga muziki wa noti, wa fidla na piano, utaulizwa kama umekosa shamba la kulima. Haya, msikize Justinian Tamusuza, Mganda aliyezaliwa 1951. Alichukua midundo ya Kiganda, akaiandikia fidla mbili, viola na selo. Kronos Quartet wa Marekani wakaiweka kwenye albamu yao Pieces of Africa, 1992, na albamu ikapanda hadi nambari moja kwenye chati ya klasiki ya Billboard. Itafute YouTube leo usiku, uone nyuzi zinavyodunda.

Lakini hata yeye hakuishi kwa kutunga tu. Alikuwa mhadhiri Makerere.

Mimi chuo niliacha katikati, so sikuhubirii vyeti. Nauliza tu kuhusu yule jamaa anayekesha akiandikia kwaya yenu wimbo mpya wa harusi. Asubuhi mnampa soda na "Mungu akubariki". Mwenye tenti analipwa. Mwenye spika analipwa, tena nusu mnamtumia kwa M-Pesa mapema. Bajeti ya harusi ijayo ikitumwa kwa grupu ya WhatsApp, uliza pesa ya mtunzi iko wapi.