Hewa katika Togwa: Hatua Ambayo Elimu ya Afya Huiruka

Mpika pombe wa Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga, anapohudhuria mafunzo ya afya kijijini, mara nyingi huambiwa neno moja tu: acha. Kitabibu neno hilo halina kasoro. Mwaka 1988 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka pombe katika kundi la visababishi thabiti vya saratani, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Hata hivyo, mwanamke anayelipia sare na madaftari ya watoto kwa mtungi wa pombe ya mtama atarudi nyumbani, na kesho yake ataloweka nafaka. Kumnyima maarifa ya kupika kwa usafi kwa sababu ameshindwa kuacha ni kuwaadhibu wanywaji wake wote, na baadhi yao kesho watakuwa wagonjwa wa zahanati hiyohiyo.

Kuna hatua moja ambayo elimu hiyo huiruka kabisa, nayo ni muda mfupi kati ya moto na uchachukaji. Togwa, yaani kinywaji kitamu cha kimea kabla hakijawa pombe, hutoka jikoni kikiwa kimepoteza karibu hewa yote iliyoyeyuka ndani yake, kwa kuwa kuchemka huifukuza. Hamira huihitaji hewa hiyo. Mfaransa Louis Pasteur, ambaye kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876, alikuwa ameonyesha kwamba hamira huzaliana kwa wingi zaidi penye hewa. Mwaka 1953 Andreasen na Stier walieleza sababu mojawapo: bila oksijeni, hamira haiwezi kujitengenezea baadhi ya mafuta yanayojenga utando wa chembe zake. Ikikosa mafuta hayo huchoka mapema, sukari hubaki, na bakteria wengine hupata nafasi ya kukaa ndani ya kinywaji kitamu na cha uvuguvugu.

Wapikaji wa zamani walilijua jambo hili kwa mikono yao. Walikoroga sana, wakamimina kutoka chombo hadi chombo, wakaangalia povu. Si ushirikina wala mazoea matupu. Togwa iliyopoa hadi nyuzijoto 20 hivi, ikipigwapigwa vizuri na hewa ya kawaida, hubeba takriban miligramu 8 hadi 9 za oksijeni kwa lita, kiasi kinachoitosha hamira kuanza kazi. Ikiwa bado ya moto hubeba kidogo zaidi, hata ikorogwe namna gani.

Tatizo ni kwamba mlango unaoingiza hewa ndio huohuo unaoingiza uchafu. Ulaya na Marekani, watu wanaopika bia nyumbani hutumia pampu ndogo ya tangi la samaki yenye kichujio, na wengine hununua mtungi wa oksijeni tupu. Samuye haihitaji vifaa hivyo. Kwa togwa iliyochujwa, njia bora ni dumu safi lililojazwa nusu, likafungwa na kutikiswa kwa nguvu kwa dakika chache: mkono hauingii ndani, nzi hawaingii, na hewa inayotumika ni ile kidogo iliyofungiwa humo. Baada ya hapo kifuniko kilegezwe, kwa kuwa uchachukaji hutoa gesi inayoweza kulipasua dumu. Kwa togwa nzito yenye machicha, mwiko ni bora kuliko mkono, mradi uwe umechemshwa pamoja na uji wenyewe na usilazwe chini kati ya kukoroga mara moja na nyingine. Kumimina kutoka juu kati ya ndoo mbili safi kunafaa pia, lakini togwa iwe imekwisha kupoa. Anayemimina uji wa moto uani huku watoto wakizunguka miguuni pake anaandaa kidonda cha moto ambacho muuguzi atakifunga kwa wiki kadhaa.

Kosa baya kuliko yote ni kupoza kwa kuongeza maji ya kisima au ya bwawa. Mpikaji huona amefanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja, amepoza na ameingiza hewa, na ni kweli amefanya hivyo. Lakini kwa kipimo hichohicho cha maji amefuta kazi yote ya moto. Asidi inayotokea wakati wa kuchachuka huwazuia vijidudu wengi, na bakteria wa kipindupindu hawaipendi kabisa. Ndiyo maana vyakula vilivyochachushwa vina sifa njema. Utafiti wa Lorri na Svanberg uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa watoto wa Tanzania waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa waliharisha mara chache zaidi. Asidi hiyo lakini huchukua saa nyingi kujengeka, na maji yanayoongezwa mwishoni ili pombe itoshe watu huipunguza tena. Chombo cha togwa kitumbukizwe ndani ya beseni la maji baridi, kikiwa kimefunikwa. Maji yabaki nje.

Vyombo navyo vina habari yake katika ukanda huu wa dhahabu. Dumu au jaba lililowahi kubeba kemikali za machimbo halisafishiki likafaa kwa chakula, hata lisuguliwe kwa mchanga siku nzima. Vivyo hivyo, togwa isiachwe wazi mahali panapochomwa dhahabu iliyoshikwa kwa zebaki, kwa kuwa mvuke wake hutua juu ya vilivyo jirani.

Wala hewa haiponyi nafaka iliyooza. Januari 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya msibani. Uvumi ulitaja nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaelekeza kwenye sumu ya bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Nchini Tanzania, sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kimea chenye ukungu kitupwe, kisiwe hata chakula cha kuku.

Pombe ikishaanza kuchemka yenyewe, hewa iachwe nje. Kuikoroga tena hukaribisha bakteria wanaoigeuza kuwa siki.

Watumishi wa afya watakaofundisha haya watalaumiwa kuwa wanahalalisha ulevi. Lawama hiyo haina uzito. Mjamzito bado ataambiwa asinywe hata kikombe, na anayetumia dawa za kifua kikuu ataambiwa vivyo hivyo, kwa kuwa ini lake tayari lina mzigo. Ila mgonjwa anayefika akiharisha Jumatatu baada ya sherehe ya Jumapili asiulizwe tu kama alikunywa. Aulizwe pia pombe ile ilipikwa wapi, ilipozwa kwa maji gani na nani mwingine aliinywa, na majibu yake yaandikwe kabla hajapewa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na kuruhusiwa kwenda nyumbani.