Kibarua cha msema kweli kisiote nyasi

Msimu wa korosho unapofunguliwa Masasi na Newala, mwenye siri nyingi kuliko wote ghalani si mwenyekiti wa chama wala mnunuzi. Ni karani wa mizani. Yeye ndiye anayeona gunia limesoma kilo 80 na stakabadhi ikaandikwa 78. Anajua gunia la nani lilipita bila kufunguliwa, na korosho gani zililala daraja la pili zikaamka daraja la kwanza. Kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyotangazwa na Serikali msimu wa 2018/19, kilo hizo 2 ni shilingi 6,600 za mkulima aliyehangaika na salfa mwaka mzima. Hilo ni gunia moja.

Mnunuzi naye haponi. Mapema mwaka 2018 taifa liliaibika pale wanunuzi wa Vietnam walipolalamika kukuta kokoto katika korosho zilizotoka Tanzania. Kokoto haziingii gunia kwa miguu yake. Kuna aliyezitia, aliyepima na aliyeandika. Kama miongoni mwao alikuwepo kibarua mwaminifu, alikuwa na sababu nzito ya kunyamaza, na sababu hiyo imeandikwa katika sheria zetu wenyewe.

Tangu 2015 tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, inayomkinga anayefichua uovu kwa nia njema mbele ya mamlaka husika. Tuna pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu chake cha 37 kinasema waziwazi kwamba kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka mfanyakazi aitoe si sababu halali ya kumwachisha kazi. Hadi hapo, vizuri. Sasa rudi nyuma hadi kifungu cha 35: kinga zote za sehemu hiyo hazimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi.

Msimu wa korosho hauna miezi 6.

Wakili hodari atasema misimu ijumlishwe. Huenda akashinda. Lakini karani wa kijijini ana siku 30 tu za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wakili hodari haishi Kitangari. Tena bodi ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, haihitaji kumfukuza mtu. Inasubiri tu. Oktoba inafika, makarani wanaitwa, jina lake halimo. Hakuna barua, hakuna kikao cha nidhamu, hakuna cha kukatia rufaa. Akitaka kulalamika ngazi ya juu, mjumbe wa bodi ni mjomba wake, au mjomba wa mkewe, na kwa Wamakonde na Wamakua kumshtaki mjomba si jambo la kuamka nalo asubuhi. Namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inapokelewa bure, lakini katika ghala lenye makarani wawili, taarifa ya uzito wa gunia moja inajitaja yenyewe.

Jirani zetu walishatuonyesha mwisho wa njia hii. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mwaka 1993 alitoa nyaraka zilizofichua mabilioni ya Goldenberg, fedha zilizolipwa kwa usafirishaji wa dhahabu na almasi ambao haukuwepo. Alishtakiwa kwa kutoa siri za serikali, mashtaka yakafutwa, kazi ikapotea. Mwaka 2004 alitunukiwa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki akiwa fukara.

Wapo wanaodai kwamba kinga ikipanuliwa italea majungu. Sheria ya 2015 inadai nia njema. Mwenye majungu hana mahali humo. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi, na kila mara kutoka kwa wanaoshika ufunguo wa ghala.

Msimamo wa gazeti hili ni huu. Bunge lifute sharti la miezi 6 kwa yeyote aliyeachishwa au ambaye hakuitwa tena baada ya kutoa taarifa. Mrajisi wa Vyama vya Ushirika hana haja ya kulisubiri Bunge: kabla msimu haujafunguliwa, aagize kila AMCOS imwandikie sababu za kutomrudisha karani yeyote aliyefanya kazi msimu uliopita. Karani yeyote, tunasisitiza, maana kumuulizia yule mmoja ni kumtaja. Na barua hizo zisipitie kwa afisa ushirika wa wilaya, anayekaa meza moja na wenyeviti hao kila mnada. Ziende moja kwa moja ofisini kwa Mrajisi, Dodoma.