Kususa na Kususia

Mtoto akinuna na kuisukuma sahani, mama wa pwani hababaiki. Humwambia tu kwamba ukisusa, wenzio wala, na sahani inahamia upande wa pili wa mkeka. Mtoto analala na njaa yake pamoja na heshima yake, na asubuhi hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa na malalamiko.

Hiyo ndiyo kususa. Lakini lugha yetu ina neno la pili, kususia, na tofauti iko kwenye kiambishi kidogo kile kile kinachogeuza kuleta kuwa kuletea. Anayesusa amenuna tu. Anayesusia ana mtu aliyemnunia, ana jambo analolidai, na anangoja jibu. Magazetini maneno haya huandikwa kana kwamba ni pacha, na nadhani hapo ndipo mjadala wetu unapopotea njia.

Tulipotangaza kuwa toleo hili litahusu fedha na dhamiri, barua nyingi kuliko zote zilihusu haki za watu wanaopenda watu wa jinsia yao. Msomaji mmoja aliuliza kama ni halali kwake kunywa bia ya kampuni ambayo wenye hisa wake wanawafadhili wanaotaka watu hao wafungwe. Mwingine, anayeishi Ulaya, aliuliza kama aache kununua kahawa ya Uganda. Wa tatu hakuuliza kitu. Alitutukana, akatushauri tuandike habari za bei ya unga. (Tumeziandika, ukurasa wa 31.)

Msimamo wetu haujifichi. Vifungu vya 162 na 165 vya kanuni ya adhabu ya Kenya, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019, vinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14 kwa jambo alilokubaliana na mtu mzima mwenzake. Tunaona huo ni udhalimu, na hatutaujadili upya humu. Nalo neno shoga, ambalo bibi zetu waliitana wao kwa wao kwa mapenzi kabisa, limegeuzwa jiwe la kuwarushia watu, kwa hiyo hatutalitumia kumwita mtu. Swali la toleo hili ni dogo zaidi, na gumu zaidi: anayekubaliana nasi afanye nini na pochi yake?

Jibu langu linaanzia kwenye bia.

Kampuni ya Coors, ya mji wa Golden katika jimbo la Colorado, ilikuwa ya ukoo mmoja tangu karne ya 19. Mwaka 1973 mmoja wa ukoo huo, Joseph Coors, alitoa dola 250,000 kusaidia kuanzisha Heritage Foundation, taasisi ya siasa za mrengo wa kulia mjini Washington. Kiwandani, wafanyakazi walisimulia kwamba waombaji kazi walifungwa kwenye mashine ya kupima uongo na kuulizwa maswali, yakiwamo ya mambo yao ya chumbani. Aliyekuwa na siri ya kuficha alirudi nyumbani bila kazi.

Katikati ya miaka ya 1970, madereva wa malori ya bia mjini San Francisco waliingia katika mgomo wa mkataba. Kiongozi wao, Allan Baird, hakuwa mpenda wanaume. Alikuwa mtu wa familia na mkazi wa mtaa wa Castro, ambao wakati huo ulikuwa unajaa vijana waliokimbia makwao kwa sababu ya mapenzi yao. Baird alikwisha kuwaomba wenye maduka Waarabu na Wachina wasiuze bia ya wasambazaji waliokataa mkataba, wakiwamo wa Coors. Akaenda pia kwa mwenye duka la kamera mtaani hapo, Harvey Milk, aliyekuwa bado hana cheo chochote. Alitaka msaada wa baa.

Milk hakusema "tutasusa kwa sababu ni watu wabaya." Alitaja bei: madereva wapenda wanaume waajiriwe kwenye malori hayo, bila kujificha. Baird akakubali. Bia ya Coors ikaondolewa kwenye baa za Castro, na vijana waliokuwa hawathubutu kusema wao ni nani mbele ya tajiri wakaanza kushika usukani wa malori ya bia wakiwa na kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni. Mwaka 1978, lilipopigiwa kura pendekezo la kuwafukuza walimu wapenda jinsia moja katika shule za umma za California, vyama vya wafanyakazi vilisimama upande wa walimu hao. Pendekezo likaanguka. Wiki chache baadaye, tarehe 27 Novemba, Milk aliuawa kwa risasi akiwa diwani wa jiji.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho kususia kunahitaji. Waliodai ndio waliokuwa wakinyimwa kazi. Walichodai kiliweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Upande wa pili ulijua ukifanya nini bia itarudi kaunta. Na waliojinyima hawakujinyima peke yao: mwenye duka Mwarabu, dereva mwenye mke na watoto, na kijana wa Castro, kila mmoja alimkopesha mwenzake mgomo wake.

Mwaka mmoja kabla ya kura hiyo, 1977, kulikuwa na kususia kwingine kulikovuma zaidi. Anita Bryant, mwimbaji aliyekuwa akitangaza maji ya machungwa ya Florida, aliongoza kampeni ya kufuta sheria ya kaunti ya Dade iliyokataza ubaguzi dhidi ya wapenda jinsia moja. Baa za wapenda jinsia moja nchi nzima zikaacha kuuza maji ya machungwa. Kura ilipopigwa tarehe 7 Juni, Bryant alishinda kwa kishindo, karibu wapiga kura saba katika kila kumi. Baadaye alipoteza mkataba wa machungwa, na wengi walishangilia. Mimi nakumbuka kwamba sheria ilifutwa, na mkulima wa machungwa hakuwa na kura katika uamuzi wa Bryant.

Hata Coors haikuisha vizuri kama wasimulizi wanavyopenda. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, lililoitisha mgomo wake dhidi ya bia hiyo mwaka 1977, liliumaliza mwaka 1987. Kampuni ikabadilika kweli. Mwaka 1995 ilianza kuwalipia bima wenzi wa jinsia moja wa wafanyakazi wake, kabla ya kampuni nyingi zilizojiona za kisasa. Lakini fedha za ukoo zilizidi kumiminika kwa taasisi zile zile za mrengo wa kulia. Je, chupa hiyo sasa ni safi? Wapo waliorudi kuinywa na wapo wazee wa Castro ambao hawajaigusa tena, na siwezi kusema kundi lolote limekosea. Kiwanda kilijibu dai. Ukoo haukuwa umeulizwa.

Kisa cha tatu ni cha hoteli. Mwaka 2014 Brunei ilianza kutekeleza kanuni mpya ya adhabu hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho, iliyoanza tarehe 3 Aprili 2019, iliweka adhabu ya kupigwa mawe hadi kufa kwa wanaume wanaolala pamoja. Serikali ya Sultani Hassanal Bolkiah, kupitia shirika lake la uwekezaji, inamiliki hoteli za kifahari London, Paris, Milano na Los Angeles. Mwigizaji George Clooney akaomba watu wasilale humo. Makampuni yakahamisha sherehe zao. Tarehe 5 Mei Sultani alitangaza kwamba usitishaji wa kunyonga, uliodumu miaka mingi nchini mwake, utahusu pia sheria hiyo. Sheria yenyewe haikufutwa.

Ushindi au si ushindi? Nusu yake, na nusu ya kamba shingoni si kitu cha kudharau. Lakini watandika vitanda wa hoteli ya Beverly Hills ndio waliokuwa wa kwanza kuona vyumba vitupu, na miongoni mwao wamo wapenda jinsia moja ambao hawajawahi kuiona Brunei. Walisema hivyo waziwazi. Anayeweza kulipa chumba cha usiku mmoja kwa mshahara wa mwezi wa anayekisafisha, akihamia hoteli ya jirani, amejinyima nini hasa?

Hapo ndipo nilipomrudia Mwalimu. Tarehe 26 Juni 1959, kabla Tanganyika haijapata uhuru, Julius Nyerere alisimama katika ukumbi wa Holborn jijini London, kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Hoja yake ilikuwa ya unyenyekevu ambao leo tumeusahau: Waingereza hawakuombwa zawadi wala ushujaa, waliombwa tu waache kuuchangia ubaguzi kwa ununuzi wao. Watawala wa Pretoria na marafiki zao walikuwa na jibu tayari, kwamba watakaoumia kwanza ni Waafrika wenyewe. Mwisho wa mwaka huo Albert Luthuli, kiongozi wa ANC, akalikata jibu hilo mzizi. Alikiri kwamba wataumia, akasema ni gharama waliyo tayari kuilipa. Baada ya hapo mtu wa London hakuwa tena na haki ya kumwonea huruma Mwafrika kwa kumnunulia tajiri wake tufaha.

Sasa pima Uganda kwa mizani hiyo hiyo. Mwezi Oktoba 2011, Uingereza ilipotishia kupunguza misaada kwa nchi zinazowatesa wapenda jinsia moja, wanaharakati na mashirika ya Kiafrika walitoa tamko la pamoja kupinga. Walisema misaada ikikatwa kwa jina lao, jirani aliyekosa dawa atawalaumu wao. Mwaka 2014, Rais Museveni alipotia saini sheria ya kwanza ya kupinga mapenzi ya jinsia moja, muungano wa mashirika ya Kampala ulirudia jambo lile lile: msikate misaada ya jumla kwa wananchi. Lakini haukusema watu wakae kimya. Ulitaka kampuni kubwa za kigeni zinazofanya biashara nchini humo, zenye sera nzuri za usawa makao makuu, ziseme hadharani kwamba sheria hiyo inawahatarisha wafanyakazi wao wenyewe. Anwani ilikuwa wazi, na dai lilikuwa wazi.

Sheria ile ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti 2014 kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia. Ya pili, ya mwaka 2023, ni kali zaidi: kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa inayoyaita makubwa. Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya mwezi Agosti mwaka huo. Marekani ikaiondoa Uganda kwenye mpango wa biashara wa AGOA kuanzia Januari 2024. Museveni akajibu kwamba Uganda itaendelea, mikopo iwepo isiwepo. Ukisusa, wenzio wala. Mwaka 2025 Benki ikarudi, na sheria ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo, msomaji wa Ulaya, kahawa yako inunue. Inatoka kwa wakulima wadogo wa Mlima Elgon na Buganda, na hakuna mtetezi wa wapenda jinsia moja Kampala ambaye nimesikia akikuomba uiache. Siku wakikuomba, kama Luthuli alivyoomba, acha siku hiyo hiyo bila kuuliza ladha yake. Mpaka hapo, mwandikie barua mwenye kampuni ya ndege uliyopanda kwenda Entebbe. Uganda yenyewe inakumbuka kususia kulikokosa shabaha: mwaka 1959 chama cha Uganda National Movement, chini ya Augustine Kamya, kilipanga kuitikisa serikali ya kikoloni kwa kususia maduka ya Wahindi. Gavana aliendelea kunywa chai yake, na wenye vijiduka vya vijijini Buganda wakafunga virago.

Nimeandika haya kana kwamba mkono wangu ni msafi, na si kweli. Kwa miaka kadhaa jarida hili limechapwa na mtu mmoja hapa Nairobi, fundi hodari na mwenye bei nafuu. Mwaka jana alisema mbele ya watu kwamba akimgundua mtu wa namna hiyo kwenye mashine zake atamtoa siku hiyo hiyo. Baadhi yetu tulitaka kuondoka jioni ile ile, kwa hasira. Kijana anayetupangia kurasa, ambaye maneno yale yalimhusu moja kwa moja, ndiye aliyetuzuia. Alisema tumwulize kwanza jambo moja: atie saini kwamba hatamfukuza mfanyakazi kwa sababu hiyo. Nilikwenda mwenyewe na karatasi. Mchapaji aliisoma mara mbili, akanirudishia, akaniambia yeye ni mpiga chapa tu, nimpe faili.

Nilirudi kwa kijana. Akasema, basi, tuhame.

Ndiyo maana toleo hili limechelewa wiki mbili na bei imepanda shilingi 50. Kwa mchapaji wetu wa zamani kulikuwa na akina mama wawili, vibarua, walioitwa kila mara kazi yetu ilipoingia, kukunja na kugundisha majalada. Mmoja wao alinipigia simu wiki iliyopita kuuliza kama kuna tatizo, mbona mwezi huu hawajaitwa. Nilimweleza ukweli wote, kuanzia mwanzo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza huyo mchapaji mpya yuko mtaa gani.