Leo Hakuna Pweza

Jua likishatua, wauza supu ya pweza wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa huteleka masufuria yao kando ya barabara. Meza ni ndogo, taa ni moja, na juu ya sinia wamepangwa pweza waliokwisha chemshwa, ngozi imegeuka zambarau. Mteja anaonyesha mnyiri anaoutaka, kisu kinapita mara nne tano, vipande vinatiwa chumvi, pilipili na ndimu, na supu inamiminwa kwenye kikombe. Wengi hula wakiwa wamesimama.

Lakini sinia lile lina habari nyingine kwa anayelitazama vizuri. Pembeni mwa pweza mkubwa wapo wadogo, ambao mnyiri wao hauzidi unene wa kidole.

Pweza anayevuliwa zaidi kwenye miamba ya pwani yetu, anayeitwa kitaalamu Octopus cyanea, haishi sana: mwaka mmoja na ushei. Ndani ya muda huo hukua kwa kasi ya ajabu, kiasi kwamba wa kilo moja anaweza kufikia kilo mbili kwa mwezi au miwili. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia pangoni, huyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Kumtoa baharini akiwa mdogo ni kumtoa kabla hajaacha kizazi. Kwa Tanzania Bara, kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na hata kiwango hicho ni cha chini mno: utafiti uliofanywa kusini-magharibi mwa Madagaska ulionyesha kuwa nusu ya majike hupevuka wakiwa wamekwisha pita kilo mbili.

Toleo hili linahusu migahawa inayojitangaza kwamba chakula chake ni cha hapa hapa, hakiharibu mazingira na hakimdhulumu aliyekizalisha. Ubao wa mlangoni huandikwa "asilia", "kienyeji", "endelevu". Hoja ya jarida hili ni kwamba maneno hayo hayapimwi kwa kilichomo kwenye sahani pekee. Mgahawa wa namna hiyo hujulikana zaidi kwa kile unachokataa kupika, kama pweza huyo mdogo.

Msukumo huu una historia yake. Mwaka 1986, mgahawa wa McDonald's ulipokuwa unafunguliwa karibu na Piazza di Spagna mjini Rome, Mwitaliano Carlo Petrini na wenzake waliupinga, na kutokana na vuguvugu hilo likazaliwa shirika la Slow Food, ambalo ilani yake ya kimataifa ilitiwa saini Paris mwaka 1989. Kipimo chao ni cha mambo matatu: chakula kiwe kizuri, kiwe safi na kiwe cha haki. Tangu mwaka 2022 rais wa shirika hilo ni Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Kwa hiyo anayedhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi hana budi kufikiri upya. Na kwa watu wa pwani, mfano ulio bora zaidi haukutoka Ulaya hata kidogo. Ulitoka kwa wavuvi wa Bahari ya Hindi wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2004, wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wakishirikiana na shirika la Blue Ventures, walikubaliana kuufunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi saba. Ulipofunguliwa mwaka uliofuata, pweza waliotoka walikuwa wazito kuliko waliozoeleka. Vijiji jirani vikaiga, na desturi ikaenea kwenye pwani ile. Miaka kadhaa baadaye, watu wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nao walianza kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu mitatu, wakisaidiwa na shirika la Mwambao. Vijiji vingine vya Pemba na Unguja vimefuata nyayo hizo.

Kufunga mwamba ni jambo jepesi kulitamka. Kulitenda ni kazi nyingine. Yafaa kumfikiria mwanamke anayeutegemea mwamba huo. Maji ya bamvua yanapokupwa, yeye huingia baharini kwa miguu akiwa na chuma chenye ncha na kikapu, ameinamia maji yanayomfika magotini. Anachokitafuta si pweza, kwa maana pweza hujigeuza rangi akafanana na jiwe. Anatafuta mlango wa pango: vijiwe vilivyokusanywa mdomoni mwa tundu na magamba ya kaa yaliyotupwa nje baada ya mlo. Akivikuta anajua mwenyewe yumo, naye huanza kuchokoa. Akimpata humpiga juu ya jiwe mpaka alegee. Pweza wawili watatu kwa maji mamoja ndio unga wa nyumba, sabuni na daftari za watoto.

Mwanamke huyu ndiye anayeambiwa asubiri miezi mitatu. Tangu miaka ya 1990, kampuni za kusindika samaki zilipoanza kununua pweza wa kupeleka Ulaya, bei ilipanda, na wanaume wenye miwani na mikuki wakaingia katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanawake. Wao hupiga mbizi hadi kwenye kina ambacho yeye hakifiki. Mwamba wa kina kifupi ukifungwa, mwanamume ana pengine pa kwenda, mwanamke hana. Wapo pia wanaoiba usiku. Na siku ya kufungua, watu huweza kumiminika kutoka hata vijiji ambavyo havikufunga chochote, wakakimaliza kwa siku chache kilichotunzwa kwa miezi.

Hapo ndipo mlaji anapoingia. Kusubiri kuna gharama, na mpaka sasa sehemu kubwa ya gharama hiyo imebebwa na mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote walio kati ya mwamba na meza. Mgahawa unaonunua kutoka kijiji kinachofunga, ukakataa pweza mdogo hata akiletwa kwa bei ya kutupa, na ukalipa zaidi kwa aliyefikia uzito, unampokea mzigo mwanamke yule. Hiyo ndiyo haki inayotajwa kwenye kipimo cha Slow Food. Haki isipofika kwa mvuvi, neno "endelevu" linabaki kuwa rangi ya ubao.

Watu wa Ziwa Victoria nao wanaijua vizuri hali ya chakula kinachozalishwa hapa na kuliwa kwingine. Viwanda vya Mwanza na Kisumu viliposhamiri, minofu ya sangara ilipanda ndege, na wenyeji wengi wakabaki na mifupa na kichwa: mapanki kwa Watanzania, mgongo wazi kwa Wakenya. Samaki alivuliwa hapa hapa. Haki ndani yake ilikuwa ndogo.

Ndani ya mgahawa, adui mkubwa wa kuusubiri mwamba ni ile karatasi ngumu iliyopakwa plastiki, orodha ya vyakula isiyobadilika Januari hadi Desemba. Mpishi aliyeahidi pweza kila siku atamtafuta pweza kila siku, kusi na kaskazi, maji makubwa na maji mafu, mwamba uwe umefungwa au umefunguliwa. Mama lishe hana karatasi hiyo. Anakwenda sokoni alfajiri, anapika alichokikuta, na anayefika saa tisa mchana huambiwa bila kuombwa radhi kwamba kisamvu kimekwisha, umebaki mchicha. Wapishi wa hoteli za ufukweni wana la kujifunza kwake.

Hata hivyo jarida hili halitamvika mama lishe taji lisilo lake. Mtaji wake ni mdogo, kwa hiyo pweza wa gramu 300 anayeuzwa rahisi humvutia, na wateja wake hawajawahi kumuuliza. Mzigo wa kuuliza uanzie kwa wenye uwezo zaidi: mahoteli, migahawa ya mijini na wateja wake, wanaoweza kulipa nyongeza bila kulala njaa.

Msomaji atakayekwenda kula jioni ya leo basi amuulize mhudumu maswali mawili kabla ya kuagiza: pweza huyu ametoka mwamba gani, na alipimwa kilo ngapi kabla ya kuingia chunguni? Akijibiwa kwamba leo hakuna pweza, mwamba umefungwa, aagize mbaazi za nazi, alipe vizuri, na arudi mgahawa huo huo siku mwamba utakapofunguliwa.