Mkono Mmoja, Midomo Kumi

Nyinyi mnaotunga hadithi, hebu tuulizane leo. Ni mara ngapi mmemwandika mtoto yatima, na ni mara ngapi amekuwa mtu? Katika kurasa zetu huwa malaika anayempigia magoti aliyemwokota, ama huwa nyoka: anaiba, anachoma nyumba, kisha mzee mmoja mwenye mvi anatikisa kichwa na kusema, "Niliwaambia, damu ni damu." Hadithi imekwisha. Msomaji anafunga jarida akiwa na ujinga uleule aliolifungulia.

Mimi pia nimeiandika hadithi hiyo. Siiandiki tena, na nitawaambia kwa nini.

Shangazi yangu alimchukua mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu kutoka makao ya watoto hapa Nairobi. Mtoto wa kupanga, au kama mahakama inavyosema, wa kuasili. Tulishangilia! Kuku wakachinjwa, padri akaja, picha zikapigwa. Mwezi wa pili shangazi akakuta mkate ulioota ukungu chini ya godoro. Wiki iliyofuata, chapati ndani ya kiatu. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, halii wala hamtafuti mtu; anajipangusa na kuendelea. Lakini mchuuzi asiyemjua kabisa akipita langoni, anamshika mkono na yuko tayari kwenda naye. Usiku ni mayowe. Na siku shangazi alipomkumbatia kwa muda mrefu kidogo, alimng'ata bega mpaka damu ikatoka.

Sasa sikilizeni midomo. Nyanya: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Jirani: "Unamdekeza, mchape." Mwalimu: "Huyu kichwa chake ni kigumu." Mama wa jumuiya: "Ana mapepo, aombewe." Mjomba, tena mwenye digrii: "Si ulijitakia? Mrudishe." Hata mtoto mwenyewe hakuachwa: "Kwani wewe huna shukrani kwa aliyekuokoa?" Midomo kumi, na hakuna hata mmoja uliosema, "Leo nitamwangalia mimi, wewe kalale."

Na wakubwa wa ofisi je? Sheria yetu inataka mtoto akae na mlezi miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani. Wakati huo shangazi alikaguliwa kama ng'ombe wa mnadani: mshahara, chumba, choo, afya. Sawa, na wakague! Lakini jaji alipotia sahihi, faili ikafungwa na njia ya kwa shangazi ikaota nyasi. Alipopiga simu kuomba mtu wa kumshauri, aliulizwa kama anataka kumrudisha mtoto. Ati kuna milango miwili tu: nyamaza, ama rudisha.

Najua kuna watakaosema haya ya majeraha ya moyo ni mambo ya Wazungu. Basi jueni kwamba mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alizunguka katika vijiji vya karibu na Kampala akiwatazama watoto wachanga wa familia 26. Hapo, kwa jirani zetu, ndipo alipoona jinsi mtoto anavyomfanya mlezi wake kuwa ngome: anatambaa kwenda kuchungulia dunia, akiogopa anarudi. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Elimu hii ina udongo wa huku kwetu miguuni.

Sasa mchukue mtoto asiye na ngome. Amelazwa katika chumba cha vitanda vingi, walezi wanapokezana kwa zamu. Alilia, ukaja mkono huu. Akalia tena, ukaja mwingine. Akalia tena, haukuja wowote. Ameacha kulia kwa sababu kilio hakikumletea kitu. Anaficha mkate kwa sababu hajui kama kesho utakuwapo. Anamng'ata anayemkumbatia kwa sababu kila aliyewahi kumkumbatia aliondoka. Mnaita hiyo damu mbaya? Ni hesabu, na kwa maisha aliyoyaishi, ni hesabu sahihi.

Hesabu hiyo hubadilika, lakini si kwa upendo mtupu. Rumania, baada ya Ceaușescu kuangushwa Desemba 1989, dunia ilishtuka kuona watoto walivyorundikwa makaoni. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest. Nusu yao, kwa kura, wakapelekwa kwenye familia za malezi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa kushikamana na walezi wao, hasa waliotoka mapema, kabla ya kutimiza miaka 2 hivi. Watu hupenda kuishia hapo: "Mnaona? Familia inatosha." Hapana! Familia zile zililipwa, na zilikuwa na maafisa wa kuzitembelea na kuzishauri. Upendo wao ulikuwa na ukuta wa kuegemea.

Mwaka 2022 Kenya ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto makaoni na kuwapeleka katika familia. Ni jambo jema, na naliunga mkono. Lakini tukiwatoa na kuwamwaga kwa mashangazi wenye mkono mmoja mmoja, wengine watarudishwa. Na kila mtoto anayerudishwa amefundishwa na sisi kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Msiniambie mababu walilea yatima bila mshauri. Walilea wakiwa wengi, boma zima, si mama mmoja katika nyumba ya vyumba viwili na mlango wa chuma. Tena tuseme ukweli: yatima wangapi walifanywa wachota maji wa boma hilo?

Sisi ni watu wa ajabu. Tuna kamati ya mazishi, kamati ya harusi, chama cha kununua ploti, chama cha kununuliana sufuria. Maiti hukesha na watu 40. Mama asiyelala miezi 8 hukesha peke yake. Halafu tunaimba ati mkono mmoja haulei mwana!

Shangazi alikutana na mama mwingine kwenye korido ya mahakama. Wakawa wawili, leo ni watano. Hukutana Jumamosi, mmoja huwachunga watoto, waliobaki huongea, hulia, hulala. Huko ndiko alikoambiwa, "Wangu pia alikuwa anaficha. Muwekee kikapu cha chakula karibu na kitanda, na kisiwe kitupu hata siku moja." Ilichukua miezi. Godoro sasa ni safi. Kung'ata bado kupo, mara mojamoja. Lakini juzi mtoto alianguka uani, akainuka, akatafuta kwa macho, kisha akalia. Shangazi alikimbia huku akicheka na kulia.

Andikeni hilo. Na ofisi ifungue faili yake tena, imtume mtu abishe hodi baada ya hukumu, si kabla tu. Nawe usiye ofisi wala mwandishi, unamjua mlezi kama huyo mtaani kwenu. Jumamosi hii nenda ukakae na mtoto saa 2, mama apate usingizi. Na mdomo uache nyumbani.