Familia ya Mateka Isiachwe Gizani

Mwaka 2016 ilitolewa nchini Marekani filamu juu ya maisha ya James Foley, mwalimu wa zamani aliyegeuka mwandishi wa habari. Alitekwa nyara Syria Novemba 2012, akauawa Agosti 2014. Mtengenezaji wake, Brian Oakes, rafiki wa marehemu tangu utotoni, hakuonyesha picha za mauaji ambazo wauaji walizisambaza ili kuutisha ulimwengu. Aliwapa nafasi wazazi, ndugu na mateka wenzake walionusurika.

Huo ni uamuzi wa busara. Mtekaji hamfungi mtu mmoja; huwafunga pia wanaomngoja nyumbani. Barua za mateka hao zilikuwa zikinyang'anywa. Basi mwenzao kutoka Denmark aliikariri barua ya Foley, na alipoachiwa mwaka 2014 akampigia simu mama yake na kumsomea kutoka moyoni.

Hata hivyo, uchungu wa wazazi haukutoka kwa watekaji peke yao. Maofisa wa serikali yao waliwaonya kuwa wakitoa fidia wangeweza kushtakiwa. Juni 2015 Rais Obama alikiri kwamba serikali iliwahi kuziangusha familia za mateka, akatamka kuwa hakuna familia iliyowahi kushtakiwa kwa sababu hiyo.

Serikali yaweza kuwa na hoja ya kukataa kuwalipa watekaji. Lakini haina hoja ya kumnyima mzazi ukweli. Mtumishi wa umma anayemjibu mama wa mateka kwa vitisho au kwa kimya humwongezea kifungo.